Nusu Bao na Mkeka Ulioibwa

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza: kamari ya mpira inayochezwa Mbeya na Iringa yaingiaje katika jarida la ushairi? Yaingia kwa mlango wa lugha. Kamari hiyo imechukua maneno yetu mawili, nasi tunaojiita walinzi wa Kiswahili tumenyamaza.

Neno la kwanza ni mkeka. Pwani, mkeka husukwa kwa ukindu, ukashonwa ukili kwa ukili. Hutandikiwa mgeni, bibi harusi, mwenye kusali na mwenye kufiwa. Leo kijana wa Mwanjelwa akilia kuwa mkeka wake umechanika, ana maana kuwa dau lake limeliwa. Neno la pili ni ubashiri. Bishara kwetu ni habari njema, na mwenye kuileta haiuzi. Sheria ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ilisema kweli: kubahatisha. Matangazo yakachagua ubashiri, kwa kuwa neno hilo lina heshima, na heshima huuzika.

Ubaya mkubwa zaidi umo katika dau la jumla ya mabao. Hapo mtu haulizwi nani atashinda. Huulizwa iwapo mabao ya timu zote mbili yatazidi mawili na nusu au yatapungua. Nusu bao halijapata kufungwa tangu mpira uanze kuchezwa. Limewekwa ili pasiwe na suluhu: mawili yako chini, matatu yako juu.

Tazama linavyomfanya mpenzi wa mpira. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao 1-0. Kwa mpenzi wa Lipuli, bao lile lilikuwa simanzi. Kwa mwenye dau la chini, matokeo yale yalikuwa faida. Na mwenye dau la juu, hata kama kazaliwa Iringa, angeishangilia Azam ikiongeza la pili na la tatu. Huyo hana timu tena. Akiketi Samora au Sokoine, ni kama mtu aliyekwenda matangani kuhesabu viatu mlangoni.

Watetezi husema hii ni hesabu, si bahati. Haya, tuhesabu. Tuseme juu na chini zina nafasi sawa, na kila upande hulipa mara 1.85. Weka shilingi 1,000 huku na 1,000 kule: utarudishiwa 1,850. Shilingi 150 zimebaki kwa mwenye duka kabla kipenga hakijalia. Sasa unganisha mechi 4: nafasi yako ni 1 kati ya 16, na malipo hayafiki hata mara 12. Mkeka ukirefuka, anayeulalia ni mwenye duka.

Nitaambiwa lugha hukua, na vijana wana haki ya sitiari. Wanayo. Lakini sitiari inayomfanya mtu aone hasara yake kama kazi ya mikono imemlaghai. Basi sisi washairi tuliite jambo kwa jina lake: ni kamari, na karatasi yake ni karatasi ya dau. Mkeka turudishiwe, wageni wangali wanakuja.