Wazee wetu, semeni mnachokikumbuka



Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, picha zinazosambazwa ni za watoto. Watoto hao hukua. Na wengi wamekua bila kutambuliwa, kwani hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa usonji nafasi yake yenyewe mwaka 1980 tu. Leo ni mafundi, makarani, mama wa watu, na tumewabandika majina: ana kiburi, hajafundwa, ana mashetani.

Mnawajua. Ni yule binamu anayetoka nje shughulini ngoma zikianza, asiyekutazama machoni, asiyegusa wali uliochanganyika na mchuzi. Wanawake ndio waliofichika zaidi, maana binti mkimya kwetu husifiwa malezi. Wengine hufika hospitali wakiwa na sonona, wakatibiwa sonona peke yake, wakarudi nyumbani bila kuulizwa zaidi.

Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha. Mtaalamu humkalisha mtu, humwangalia, humhoji, kisha hurudi utotoni. Alianza kusema lini? Alicheza na wenzake, au alishinda akipanga vifuniko vya soda? Kelele za mashine ya kusaga zilimliza? Mtu wa miaka 40 hawezi kujijibia yote hayo. Anayejua ni mama, shangazi, bibi, mwalimu wa chekechea. Kila tunapomzika mmoja wao, majibu hayo nayo yanazikwa.

Kwa hiyo nawaomba sana, wazee wetu: mkiombwa kumsindikiza mtu kliniki, nendeni. Msimwambie “mbona una kazi na mke?” Anayejua kusoma na kuandika amkalishe bibi leo, aandike anachosimulia. Vikundi vyetu vinavyochangia harusi na misiba vichangie na nauli ya hospitali ya rufaa. Nanyi waajiri, toeni maelekezo kwa maandishi, mumpe mtu kona isiyo na kelele; hayo hayana gharama.

Uingereza ilitunga mwaka 2009 sheria inayoilazimu serikali kuwa na mkakati wa watu wazima wenye usonji. Sisi Watanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tuishike mkononi, twende nayo kwenye mikutano ya mtaa, kwa diwani na kwa mbunge, tudai kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge siku ya kliniki ya usonji kwa watu wazima.