Vikasha vya Povu Vipigwe Marufuku Karagwe na Kyerwa

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kanuni hizo, hata hivyo, zililenga hasa mifuko. Hazikukigusa kikasha cheupe cha povu ambamo muuza chipsi wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda humtilia mteja chakula cha kwenda nacho. Kwa maoni yetu, halmashauri za Karagwe na Kyerwa hazina haja ya kungoja. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri za wilaya kutunga sheria ndogo, na jambo hili lastahili kutungiwa moja.

Yafaa kwanza ieleweke kikasha hicho ni kitu gani. Ni polisitireni, plastiki itokanayo na petroli, iliyoumuliwa kwa gesi hata zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ujazo wake zikawa hewa. Plastiki hiyo huanza kulainika panapo nyuzi joto 100 hivi za sentigredi, na mafuta ya kukaangia chipsi hufikia 170 au zaidi. Joto na mafuta ndivyo hasa vinavyozidisha stairini inayohama kutoka kikashani na kuingia katika chakula. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Haki yatutaka tuongeze kwamba ushahidi mkubwa ulitoka kwa wanyama wa maabara, na kwamba kiasi kinachoingia katika mlo mmoja ni kidogo mno. Hatupigi kelele za sumu.

Hoja nzito ni ya takataka. Kikasha hutumika kwa dakika ishirini, kisha hakiozi. Kikivunjika huwa punje nyepesi, ambazo upepo huzipeperusha na mvua huzisukuma mferejini, bondeni, na hatimaye mto Kagera uendao Ziwa Victoria. Wengi hukichoma shimoni nyuma ya nyumba. Mwanafunzi wa kemia na apige hesabu: kanuni ya stairini ni C8H8, yaani kaboni ni asilimia 92 ya uzito wake. Ndiyo sababu ya ule moshi mweusi na masizi yanayoangukia nguo zilizoanikwa. Wako wasemao vikusanywe vikayeyushwe viwandani. Lori litakalosafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam likiwa limesheheni hewa, nani atalilipia mafuta?

Marufuku kama hii si kioja. Rwanda, ng'ambo ya mto, ilitunga sheria dhidi ya plastiki za kutumia mara moja mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya uliviondoa vikasha hivi sokoni mwaka 2021. Lakini wilaya zetu mbili, zilizotengana mwaka 2012, hazina budi kutenda pamoja, la sivyo kilichokatazwa Omurushaka kitanunuliwa Nkwenda. Tena tusirudie kasoro ya 2019: mingi ya ile mifuko iliyoitwa mbadala nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki.

Mama lishe atauliza afungie nini. Mteja wa karibu aje na bakuli lake. Kwa wengine lipo jani la mgomba, ambalo likioshwa na kubabuliwa kidogo motoni hulainika na kukunjika bila kupasuka, wala halipitishi mchuzi. Wilaya ya vibanja kununua povu la kufungia ndizi choma ni jambo la ajabu kidogo.

Ila jani lina sharti lake. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria umeusumbua mkoa wa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, nao husafiri juu ya kisu. Basi majani yakatwe kwenye kibanja kisicho na ugonjwa, na kisu kipitishwe motoni kabla ya kuingia kibanja cha pili.