TELA HALIFUNGWI KWA NONDO

Ndugu wanaushirika,

Msimu wa pamba umekaribia. Trekta letu na tela lake vitaanza kubeba magunia kutoka mashambani mpaka ghalani. Kabla kazi haijaanza, tunataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami: pini inayounganisha tela na trekta.

Tumekwenda kuitazama. Tumekuta tundu kubwa limechomekwa kipande cha nondo, tena kimefungwa kwa kamba ya katani. Wapo ndugu wanaosema, "Ah, mwaka jana si lilifika?" Ndiyo, lilifika. Lakini kufika jana si hati ya kufika kesho.

Nondo ni chuma cha kujengea nyumba. Haikutengenezwa kwa kazi ya kuvuta. Tena ni nyembamba kuliko tundu, kwa hiyo trekta likipita shimoni tela linagonga na nondo inacheza. Kila pigo linaipinda nondo na kulipanua tundu. Siku moja mlimani itachomoka, na tela lenye mzigo litarudi nyuma peke yake. Nani yuko nyuma, jamani? Ni mama anayetoka kisimani na mtoto anayetoka shule.

Basi pini ya kufaa ni ipi?

Kwanza, iwe ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na unene wake ulijaze tundu, ila iingie kwa mkono bila nyundo.

Pili, juu iwe na kichwa kisichopita tunduni, na chini iwe na kitundu cha kipini cha kuizuia isiruke. Kamba si kipini. Msumari si kipini.

Tatu, pawe na mnyororo kutoka shingo ya tela mpaka kwenye trekta. Pini ikikatika, mnyororo unashika. Uwe na urefu wa kukatia kona, lakini usiburute chini.

Nne, tela livutwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia. Kamwe lisifungwe juu. Trekta likivutwa kutoka juu hunyanyuka mbele, likampindukia dereva.

Tano, magunia yasirundikwe nyuma ya tela. Shingo itanyanyuka, na tairi za nyuma za trekta zitakosa uzito wa kushika barabara.

Yale malori makubwa yanayobeba pamba hufungwa kwa namna nyingine. Tela lake halina magurudumu ya mbele. Hulala juu ya sahani ya chuma iliyo mgongoni mwa lori. Mafundi huiita gurudumu la tano, maana magari ya farasi ya zamani yalikuwa na gurudumu la kulala juu ya ekseli ya mbele, la kusaidia kukata kona. Pini iko chini ya tela, nayo hushikwa na taya za sahani. Ziko pini za milimita 50 na za milimita 90, na lazima taya zilingane na pini yake. Dereva makini hatosheki kwa kusikia mlio. Huingia chini na tochi aone kama taya zimeizunguka pini na kama sahani na tela vimegusana bila mwanya. Hutazama mkono wa kufungulia kama umerudi mahali pake na umezuiwa. Kisha, breki za tela zikiwa zimekamata, huvuta mbele polepole kujaribu. Ndipo anapandisha miguu ya tela. Hilo la kutazama na kujaribu ni somo kwetu pia.

Wapo wanaosema fedha ni kidogo, tununue dawa ya pamba kwanza. Dawa ni muhimu, hatukatai. Lakini bei ya pini haifiki bei ya tairi moja la tela. Tela likianguka, pamba iliyopigwa dawa itafikaje ghalani?

Wengine wanasema pini nzuri itaibiwa. Hilo lina dawa yake. Kazi ikiisha, pini itolewe, iandikwe daftarini, ifungiwe ghalani kwa kufuli. Ila kufuli la kuzuia mwizi lisichukue nafasi ya kipini cha usalama.

Kwa hiyo tunaitaka bodi inunue pini, vipini vyake na mnyororo kabla gunia la kwanza halijapakiwa. Tundu lililopanuka fundi alitengeneze. Dereva akikuta nondo tena, asiondoshe trekta, na mtu yeyote asimlaumu kwa kuchelewa. Na vijana waache kukaa kwenye shingo ya tela.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tunaweza kuujenga upya, ndugu zetu. Mtu hatuwezi.