Mupime paneli kabla ya kulipa

Ndugu wananchi wa Butembo, wa Beni, wa Lubero, na ninyi wote mnaokaa gizani,

Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 48, inasema wazi kwamba raia ana haki ya kupata umeme. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Mpaka leo, karibu watu wanne juu ya watano katika Kongo hawana umeme nyumbani. Basi mwananchi amejitafutia mwenyewe: anaweka pesa kidogo kidogo, ananunua paneli ya sola. Amefanya vema. Leo tunasema juu ya wale wanaomuibia palepale anapojitafutia.

Kuko jambo moja ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Jua la mchana likiwaka vizuri linaangusha karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli haiwezi kuzishika zote. Ile ya silikoni iliyoonyeshwa na Bell Labs kule Marekani mwaka 1954 ilishika asilimia 6 hivi. Zile nzuri zinazouzwa leo zinashika asilimia 20 mpaka 23. Katika maabara wamefika kupita 34, kwa kuweka perovskaiti juu ya silikoni, lakini hizo hamutazikuta kwenye maduka yetu.

Sasa tufanye hesabu. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa wati 200 mpaka 230. Mutu anakuuzia paneli yenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 60. Hata nusu mita ya mraba haifiki. Lakini karatasi iliyobandikwa nyuma imeandika wati 200. Ili karatasi hiyo iseme kweli, paneli ingepaswa kushika asilimia 42 ya jua. Paneli kama hiyo haiko sokoni, si kwetu, si China, si Ulaya. Ikiwa ni nzuri sana itatoa wati 100 na kitu. Umelipia mbili, umebeba moja. Usiku taa zinazimika mapema, ukirudi dukani unaambiwa eti jua lilikuwa kidogo, ama eti hamujui kutumia.

Wengine wanatujibu: maskini anatafuta bei ya chini, mumuache anunue anachoweza. Hapana. Maskini ndiye hana pesa ya kununua mara mbili. Paneli dhaifu haijazi batri, na batri ya risasi isiyojaa siku kwa siku inakufa kabla ya wakati wake. Hapo jamaa inanunua batri ingine, na watoto wanarudia mshumaa. Tena, duniani bei ya paneli imeanguka sana tangu 2010. Paneli ya kweli haiko tena kitu cha matajiri.

Mahitaji ya nyumba ya kawaida nayo si makubwa. Ampuli nne za LED za wati 5, zikiwaka saa tano, zinakula wati-saa 100. Ongeza simu mbili na redio, inafika 150 hivi. Kwa jua letu, hata tukihesabu saa nne tu za jua kali na kutoa kile kinachopotea njiani, paneli ya wati 60 za kweli inatosha, na ya 80 inasaidia wakati wa mvua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: paneli ilale karibu tambarare, iinamishwe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi, na kivuli cha mti kisiiguse. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja, inakula umeme wa siku sita za nyumba hiyo. Fundi mkweli atakuambia hivyo kabla hujalipa.

Hatutafuti ugomvi na mama anayeuza paneli mbili tatu kandokando ya barabara. Mara nyingi naye alidanganywa na aliyemletea. Mali inapita mpaka, na mpakani kuko serikali.

Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, ilinganishe ukubwa wa kila aina ya paneli na wati zilizoandikwa, pale Kasindi na kwenye mipaka yote. Kwa kuanza, mita na kalkuleta zinatosha.

Pili, muleta bidhaa mkubwa atoe faktire yenye jina lake, wati za kweli na garanti, ili muuzaji mdogo na mnunuzi wajue pa kurudi.

Tatu, kila paneli inayonunuliwa kwa pesa ya umma, ya shule ama ya kituo cha afya, ipimwe mbele ya raia kabla ya kupandishwa juu ya manjanja.

Nne, ARE na ANSER, zilizowekwa na sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014, zituandikie maelezo haya kwa Swahili nyepesi na kuyapeleka sokoni na redioni.

Serikali isifurahi kuona mapaa yetu yakimetameta na kufikiri deni limelipwa. Paneli ya wati 60 inawasha taa, haiendeshi mashini ya kusaga wala chumba cha upasuaji. Kifungu cha 48 kingali pale, na tutaendelea kukidai.

Wakati tunadai, mukienda dukani mubebe mita ya fundi wa kushona. Mupime urefu, mupime upana, mugawanye wati kwa mita za mraba. Ikipita 230, muache paneli, mulinde pesa zenu, na mumuambie jirani.