NYUMBA YETU: Blanketi la Milia kwa Mtoto Mchanga

Kiyovu ni kilima kilicho katikati ya Kigali, wilayani Nyarugenge. Mji huo uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgeni atokaye pwani hushangaa kuona kwamba mahali palipo karibu na Ikweta panahitaji blanketi. Mchana jua huwaka, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na mvua za Machi hadi Mei huongeza unyevu. Baridi hiyo haichagui nyumba. Iliingia katika majumba yenye bustani ya Kiyovu ya juu, na iliingia vilevile katika vyumba vya Kiyovu ya chini, kabla havijabomolewa katika miaka ya 2007 na 2008 na wengi wa wakazi wake kuhamia Batsinda. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, maana mwili wake ni mdogo na mafuta yaliyo chini ya ngozi yake ni haba.

Zamani mama wa Kinyarwanda alimbeba mwanawe kwa ingobyi, yaani mbeleko ya ngozi iliyolainishwa. Kazi za uzi na sindano zilienea baadaye, kwa njia ya shule za misheni na nyumba za mafunzo ya wanawake, kama ile iliyofunguliwa mwaka 1946 huko Usumbura, Bujumbura ya leo, wakati Rwanda na Burundi zilipokuwa chini ya Wabelgiji. Siku hizi blanketi la kroshia ni zawadi inayopendwa, na lile la milia ya rangi nyingi ndilo linalofaa zaidi nyumba ya mshahara wa kiasi.

Sababu ni hii. Blanketi la rangi moja hudai uzi wote ununuliwe kwa mara moja, kwani bonge lililonunuliwa Januari na lile la Machi, hata kama rangi ni ileile, aghalabu hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi. Katika milia haionekani. Mama aweza kununua bonge moja kila mwisho wa mwezi, au kutumia mabaki ya sweta la kaka mtu, mradi nyuzi zote ziwe za aina moja na unene mmoja.

Vifaa

Zatosha rangi tano, kila rangi gramu 100 za uzi wa unene wa kati, na gramu 50 za kuongezea ile itakayotumika kwa pindo. Sindano ya kroshia iwe ya milimita 5. Pamba huvumilia maji ya moto, lakini ni nzito na hukawia kukauka. Sufu ina joto sana, ila husinyaa ikifuliwa vibaya. Uzi wa kiwandani ni mwepesi na hukauka upesi, lakini huyeyuka ukikaribia moto. Kwa hiyo usiwekwe kabisa karibu na jiko la makaa. Aina hizi zisichanganywe, kwani baada ya kufuliwa mlia mmoja utajikunja na mwingine utabaki kama ulivyokuwa. Nyuzi nyekundu na za buluu iliyoiva zijaribiwe kwanza: kipande kiloweshwe na kukamuliwa juu ya kitambaa cheupe, ionekane kama kinachuja rangi.

Namna ya kufuma

Kwanza kifumwe kipande cha kujaribia, kisha ihesabiwe mishono iliyomo katika sentimita 10. Ikiwa ni 14, upana wa sentimita 75 utahitaji mishono 105. Ikiwa ni 16, itahitajika 120.

Kwa mishono 105, mfumaji aanze na mnyororo wa pete 107. Azungushe uzi mara moja juu ya sindano, aiingize sindano katika pete ya tatu, auvute uzi; hapo vitanzi vitatu vitakuwa juu ya sindano. Azungushe uzi tena na kuupitisha katika vitanzi vyote vitatu kwa pamoja. Huo ni mshono mmoja. Aendelee hivyo mpaka mwisho wa mstari, afume pete mbili za kupandia, ageuze kazi na kurudi. Mshono huu hufunga vizuri, wala hauachi matundu makubwa ya kunasa vidole vya mtoto.

Kila mlia uwe na mistari 6. Idadi isiyo witiri ina faida yake: rangi hubadilishwa upande uleule sikuzote. Mpya iingizwe katika mvuto wa mwisho wa mshono wa mwisho wa rangi ya zamani, ndipo mpaka wa milia utakapokuwa safi. Rangi tano zikirudiwa mara tatu hutoa milia 15, yaani mistari 90, na urefu wa sentimita 90 hivi. Mwenye kufuma mlia mmoja kwa wiki atamaliza kwa miezi mitatu na nusu. Basi yafaa aanze mimba ifikapo mwezi wa tano. Bandu bandu huisha gogo.

Ncha za uzi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kila mlia una ncha mbili, na milia 15 ina ncha 30. Uzi uliolegea waweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto. Kidole huvimba, uzi hukaza zaidi, na damu hukosa kupita. Mtoto hulia bila kukoma, na wazazi hudhani ni tumbo. Mtoto aliaye hivyo hana budi kukaguliwa vidole vyote vya mikono na miguu. Uzi usiotoka kwa urahisi ni jambo la kupelekwa hospitali saa ileile.

Kwa hiyo kila ncha iachwe na urefu wa sentimita 15, ipitishwe kwa sindano butu ndani ya mlia wa rangi yake, kwenda na kurudi, kabla ya kukatwa. Shada za kuning'inia, shanga na vifungo visitiwe kamwe. Baba askari aliyezoea kushona vifungo vya gwanda lake aweza kuifanya kazi hii barabara. Na kila baada ya kufua, blanketi likaguliwe upya.

Matumizi

Blanketi lifuliwe kwa sabuni laini kabla mtoto hajazaliwa, na likaushwe likiwa limelazwa, maana likianikwa kwenye kamba hurefuka. Ni la kumfunikia mtoto aliyepakatwa au aliyebebwa mgongoni, pua na mdomo vikiwa wazi. Alalapo peke yake katika mwaka wake wa kwanza, alazwe chali, wala asiwekewe blanketi lililolegea, hata likiwa zuri namna gani. Avikwe nguo ya kutosha.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, joto lililo bora ni la kifua cha mzazi. Njia hiyo ya kumlaza mtoto ngozi kwa ngozi ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na nchini Rwanda ilianzishwa katika Hospitali ya Muhima, jirani na Kiyovu, mwaka 2007. Hapo blanketi hufunika mgongo wa mtoto kwa nje. Baba naye aweza kumbeba mwanawe hivyo, na askari arudiye likizo asiogope kuombwa zamu.