Mteja Akitaka Kambuzi Kamoja, Mwambie: Wawili au Basi



Kuna mteja ambaye baadhi yenu mmeshakutana naye. Anakuja Jumapili na gari lake kutoka Goba au Madale, nyuma amepakia watoto. Hataki mbuzi wa supu wala wa Idd. Anataka kitoto kimoja, kidogo, kizuri, watoto wakacheze nacho uani. Na bei habishani.

Mimi nasema mteja huyo muuzie wawili, au mwache aende.

Niliwahi kukosea hapo. Kijana mmoja wa eneo langu alinipigia simu: "Bwana mifugo, kuna mtu anataka katoto kamoja, nimpe?" Nikamjibu kwa haraka, "Pesa hiyo, mpe." Sikuuliza kina umri gani. Kumbe kilikuwa na wiki sita, bado kinanyonya.

Wiki haijaisha, yule mteja akanipigia. Mbuzi analia usiku kucha na jirani ameshafika kwa mjumbe. Nikamwambia atazoea. Wiki ya pili akapiga tena: hasimami, tumbo limejaa, anaharisha. Watoto walikuwa wanampa wali, mkate na ugali kwa mapenzi yao. Nilipofika jioni alikuwa ameshakufa. Binti wa miaka kama saba akaniuliza, "Anko, sisi ndio tumemuua?" Nikamwambia hapana, na kweli si wao. Ni mimi na yule kijana, kwa simu ya dakika moja.

Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimtenga peke yake anapata hofu, analia, na hali vizuri. Mtoto anaenda shule, baba na mama wanaenda kazini, mbuzi anabaki na ukuta. Jiji la San Diego kule Marekani liliporuhusu mbuzi wadogo kwenye makazi mwaka 2012, liliweka sharti wawe wawili. Sisi tuliokua na mbuzi tunalijua hilo tangu utoto, ila tukiona noti tunalisahau.

Kwa hiyo kabla hujapokea hela, fanya haya:

1. Usitoe kitoto chini ya miezi mitatu. Kiache kinyonye, kizoee majani.

2. Uza majike wawili, au madume wawili waliohasiwa. Dume asiyehasiwa anaweza kuanza kupanda akiwa na miezi mitatu au minne tu, na akikua harufu yake itamgombanisha mteja na mtaa mzima.

3. Wape dawa ya minyoo, na chanjo ya homa ya mapafu kama afisa wa eneo lako anavyoelekeza. Usisahau kibali cha kusafirisha mifugo.

4. Muulize mteja ana nafasi gani. Banda liwe kavu, lisivuje, angalau mita moja na nusu ya mraba kwa kila mbuzi, mbali na dirisha la jirani. Na aulize kwanza ofisi ya mtaa, maana sheria ndogo za halmashauri hazifanani.

5. Mwambie chakula ni majani. Mbuzi wetu wa kienyeji akikomaa ana kilo 20 hadi 30, na anahitaji kama kilo tatu hadi nne za majani mabichi kwa siku. Ugali, wali na mahindi mengi kwa mkupuo vinachachusha tumbo na kuua. Mifuko ya plastiki isizagae, na maua kama oleanda yasiwe karibu, yana sumu.

6. Mwambie ukweli kuhusu muda. Mbuzi anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Huyo binti wa miaka saba atamaliza sekondari mbuzi bado yupo.

Najua mtaniambia, "Bwana mifugo, akishalipa si mbuzi wake?" Ni wake, ndiyo. Lakini jina lililobaki pale mtaani ni lako. Mbuzi akifa ndani ya wiki mbili, mteja hatasema alimlisha wali, atasema ulimuuzia mgonjwa. Wakistawi, atakupigia umletee majani, uje kukata kwato, na rafiki yake naye atataka wawili. Hiyo ndiyo biashara.

Wapo watakaokasirika na kuondoka. Waache. Yule kijana wangu siku hizi anakataa wateja wa kambuzi kamoja, na mbuzi wake wanaisha vilevile.

Mimi sipingi watu wa mjini kufuga mbuzi. Napenda mtoto wa Goba ajue mbuzi anakula nini. Ila asijifunzie kifo kwa sababu sisi tulikuwa na haraka ya noti.

Kazi njema mabandani.