Zima pangaboi kwanza

Mwezi uliopita niliwaahidi habari za wanafunzi na fomu za kodi. Zitasubiri. Mwezi huu nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya kurekodi video, na naona afadhali niwaandikie mambo yakiwa bado ya moto. Najua wengi wenu mnafanya kazi hiihii: mtoto anaimba sebuleni Minneapolis au London, na bibi yake yuko Mombasa au Bujumbura, simu kaibana sikioni, anauliza, “Amesemaje?”

Mdogo wangu wa kike amejifungua Tanga, mtoto wake wa kwanza. Tiketi za watu wanne kutoka hapa si mchezo, na shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Binti yangu wa miaka 13 akasema basi yeye atamwimbia mtoto, tupeleke video, waionyeshe siku ya arubaini. Wimbo aliouchagua ni ule aliotubembelezea marehemu mama yangu sisi sote, wa baba anayerudi kutoka baharini alfajiri.

Mimi wimbo ule naukumbuka nusu. Uliobaki umo ndani ya simu yangu, katika video niliyoichukua Desemba 2017, nyumbani kwetu Ngamiani. Mama amekaa kitandani, amempakata kijana wangu aliyekuwa mchanga, anaimba. Picha ni safi, hata maua ya kanga yake unayahesabu. Lakini juu yake kulikuwa na pangaboi linalozunguka, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni ili chumba chote kionekane. Unachosikia ni pangaboi, na nyuma ya pangaboi kuna mwanamke anaimba.

Binti yangu aliisikiliza kwa hedifoni jioni tatu. Akapata beti zote isipokuwa neno moja katika ubeti wa tatu. Je, bibi anasema baba anakuja na “chombo”, au anakuja na “shombo”? Msicheke. Chombo ni jahazi lake, shombo ni harufu ya samaki aliyonayo mwilini, na vyote viwili vinafika pwani pamoja na mvuvi. Herufi kama ch, sh, s na f ni hewa tupu, hazina nguvu ya irabu, na sauti ya feni nayo ni hewa tupu. Kwa hiyo feni inazimeza hizo kwanza. Irabu zinabaki, maneno yanakwenda.

Nikajaribu programu ya kusafisha sauti, moja ya hizi za akili bandia. Feni ikaondoka kweli. Mama akatoka anasema neno ambalo si chombo wala shombo, wala si Kiswahili. Programu hizi nyingi zimefunzwa kwa mazungumzo. Pale isiposikia, inabahatisha, na sauti ya mama haikuwa kitu ninachotaka kibahatishwe. Nikaifuta.

Tukaamua kuimba “chombo” na kuendelea. Siku ya Jumamosi tukapanga sebule, binti kavaa gauni la Idi, kaka yake wa miaka 8 kashika kidumbaki, mama watoto kashika simu upande wa pili wa chumba. Tulidhani tumemaliza. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama, akajibu kwa ujumbe wa sauti siku hiyohiyo: “Mwanangu, picha tumeiona. Wimbo bado.”

Nikasikiliza tena kwa hedifoni, na aibu ikanishika. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile la 2017, kwa simu mpya na ya bei.

Tatizo, jamani, huwa si simu. Simu za siku hizi zina maiki ndogo lakini si mbaya. Tatizo ni umbali. Kila ukizidisha umbali mara mbili kati ya mdomo na maiki, sauti inayofika moja kwa moja inashuka kama desibeli 6. Mama watoto alisimama kama mita 2.4 kutoka kwa binti. Angekuwa sentimita 30 tu, sauti ya binti ingekuwa juu kwa desibeli 18 hivi. Friji, mashine ya joto na magari ya nje hayasogei. Yako palepale ukiwa mbali au karibu. Na simu yenyewe, ikiona sauti ni ndogo, inajiongezea nguvu bila kukuuliza, na hapo inanyanyua kila kitu, friji pamoja na binti yako. Kisha kidumbaki kinapigwa, inashtuka na kujishusha. Ndiyo maana wimbo wetu ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu aliye kwenye mashua.

Sisi tunakaa karibu na Seven Corners, pale Arlington Boulevard inapokutana na Leesburg Pike. (Anuani inasema Falls Church, lakini mji wa Falls Church wenyewe ulijitenga na kaunti mwaka 1948, sisi tuko upande wa kaunti ya Fairfax. Mgeni yeyote huchanganyikiwa, hata baada ya miaka kumi.) Pale kelele za magari haziishi. Mchana kuna foleni ya wanaokwenda kula na kununua mboga Eden Center, kwa Wavietnamu. Usiku kuna malori na ving'ora. Mwaka 2021, Mei na Juni, ilikuwa balaa zaidi: walitoka wale nyenje wanaokaa ardhini miaka 17, miti yote ikawa inapiga kelele mchana kutwa. Mwaka ule usingerekodi kitu na dirisha wazi. Watarudi 2038, jiandaeni.

Basi tukahama sebule. Tukaingia kwenye kabati la nguo.

Nasema kweli. Nyumba nyingi za hapa zina kabati la kuingia mtu, limejaa makoti ya baridi, mashuka, na kwa sisi wa pwani, kanga. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya mbao kinarudisha sauti. Wimbo unasikika kama umeimbwa ndani ya pipa. Nguo zinaimeza. Wengi hupenda kuimbia bafuni kwa sababu vigae vinainenepesha sauti, na kweli unajisikia kama nyota, lakini mwangwi ule ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Sauti kavu unaweza kuiongezea mwangwi baadaye; yenye mwangwi huwezi kuikausha. Kama huna kabati, tundika blanketi zito nyuma ya mwimbaji na jingine mbele yake, weka zulia chini, godoro ukutani. Mwanafunzi mwenye chumba kimoja anaweza kukaa kitandani, ajifunike shuka zito kichwani, yeye na simu. Joto lipo. Vumilia dakika tatu.

Kabla ya kuanza, zima kila kinachovuma. Joto au kiyoyozi kizime ukutani. Friji nalo, kama liko karibu, lichomoe, lakini weka funguo za gari ndani yake ili usiondoke nyumbani bila kuliwasha tena. Nyama ya mwezi mzima inaweza kuoza kwa ajili ya wimbo. Simu iweke hali ya ndegeni. Mara ya pili tulikuwa tumefika ubeti wa mwisho, binti anaimba vizuri mpaka nywele zinasimama, kazini kwangu wakapiga kuuliza kama naweza kuchukua zamu. Rekodi ikakatika. Zamu sikuichukua.

Sasa mtauliza: video ndani ya kabati? Nani anataka kuona makoti? Hapa ndipo tulipogawa kazi. Simu moja ni ya sauti, nyingine ni ya picha. Tulivuta kitanda kando, tukatundika makanga pande tatu za chumba cha kulala, yaani kabati tukalitoa nje. Simu ya picha ikakaa mbali inakotaka. Simu ya sauti tukailaza juu ya mto mdogo, kwenye kiti, karibu sentimita 30 kutoka mdomoni mwa binti, chini kidogo ambapo kamera haioni. Usiiweke juu ya meza tupu, maana kila kishindo kinapita. Na usiielekeze sawasawa na mdomo: p na b zinapuliza upepo, maiki inapiga “puf”. Ikae pembeni kidogo. Angalia pia iliko maiki. Kwa simu nyingi moja iko chini karibu na tundu la chaji, na ndiyo watu wengi wanayoiziba kwa kiganja wakishika simu kwa ulalo.

Zote mbili ziwashwe, kisha mtu apige kofi moja kubwa mbele ya kamera. Kofi lile unaliona kwenye picha na unalisikia kwenye sauti. Ukihariri, unalinganisha hayo mawili, unaizima sauti mbovu ya kamera, kazi imekwisha. Kwenye kompyuta, DaVinci Resolve ya bure inaweza kulinganisha yenyewe, lakini kofi ni rahisi na watoto wanalipenda.

Kwa wenye iPhone, programu ya Voice Memos ina mpangilio wa ubora wa sauti, chagua Lossless. Kwa Android, tafuta kinasa sauti kinachohifadhi WAV, na kama kina alama ya kupunguza kelele, iondoe, kwani mara nyingi hiyo imetengenezwa kwa kuongea na itaila ngoma yako. Kama kinaonyesha kipimo cha sauti, acha kilele kicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kikigusa sifuri sauti inachanika, na iliyochanika haishonwi. Na tafadhali, usirekodi kwa maiki ya hedifoni za Bluetooth. Nyingi zikianza kutumia maiki yao hushusha ubora mpaka kuwa kama simu ya mezani.

Ukitaka kutumia pesa, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya, inayoingia kwenye tundu la simu yako. Lakini kwanza fanya hayo ya bure. Maiki ya dola mia mbili iliyowekwa mlangoni itarekodi pangaboi la dola mia mbili.

Kijana wangu na kidumbaki chake ndiye aliyetusumbua zaidi. Akipiga, dada yake hasikiki. Hapo nilimkumbuka Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay na wanamuziki wake kurekodi santuri za HMV, za dakika tatu hivi kila upande. Siku zile hapakuwa na kurudi nyuma kurekebisha, kwa kawaida ya zama zile uwiano ulipatikana kwa miguu: mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, mwenye ndogo anasogea. Basi nikamrudisha kijana hatua moja, bado anazidi, hatua mbili, mpaka mgongo ukagusa mlango. Pale akakaa sawa. Alinuna kidogo, akidhani amefukuzwa. Kila mara tulirekodi nusu dakika tu, tukasikiliza kwa hedifoni, tukasogeza. Tulisogeza mara saba au nane kabla ya kuimba wimbo mzima.

Kupeleka nako kuna hila yake. Ukituma video WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa. Itume kama faili, kwa alama ya Document, inafika kama ilivyo. Ila fikiria bando la anayepokea. Mimi nilimtumia mdogo wangu faili zima, na mama mkubwa nikamtumia sauti peke yake.

Akajibu usiku wa kwao: sasa amesikia kila neno. Kisha akauliza, “Kwani marehemu alikuwa anasema chombo?” Nikamwambia ndiyo, si ndivyo? Akasema ndivyo, chombo, hakika. Mjomba akaingilia kwenye kundi la familia: shombo, alikuwepo. Wakabishana siku mbili, mpaka majirani wa zamani wakaitwa ushahidi.

Zikiwa zimebaki siku nne kufika arubaini, nikampigia mama mkubwa. Nikamwomba aimbe mwenyewe, wimbo mzima, ajirekodi. Nikampa maelekezo: simu juu ya mto, karibu na kifua, dirisha funga, na zima pangaboi kwanza.

“Joto la Tanga hili,” akasema, “unaniambia nizime pangaboi?”

Lakini alizima. Rekodi ikaja alfajiri yetu. Dakika mbili na kitu, sauti kavu, karibu, unasikia hata anapovuta pumzi. Mwishoni jogoo anawika, hatukumkata. Tuliisikiliza jikoni sote wanne, na tulipofika ubeti wa tatu binti yangu akainua kidole. Mama mkubwa, aliyeapa ni chombo, alikuwa ameimba “shombo”, wazi kabisa, bila mwenyewe kujua.

Binti akaenda kuvaa tena gauni la Idi. Mimi nikaenda kutundika makanga.